Mashine Haijui Utani

Miaka ile kila kampuni ilikuwa na rangi yake, na kila rangi ilitafuta ukuta. Ukitoka Morogoro mjini kupanda Uluguru ungekuta duka jekundu, genge la kijani, kibanda cha bluu na choo cha njano. Mwenye choo akiulizwa kwa nini kakivisha sare ya kampuni ya simu, alijibu kwamba rangi ilikuwa ya bure na mvua haichagui. Kwa hiyo kampuni iitwayo Dirisha Huru ilipoleta kompyuta Sekondari ya Mlimbilo na kuomba ukuta mmoja tu wa kupaka zambarau, Sista Magreth, mkuu wa shule, aliwapa kuta tatu na kuwasindikiza kwa sala.

Kompyuta zilikuwa za bure. Umeme wa jua ulikuwa wa bure. Intaneti nayo, iliyoshuka kutoka angani na kutua kwenye dishi juu ya paa la maktaba, ilikuwa ya bure.

"Cha bure duniani ni upele peke yake," alisema Mwalimu Mikidadi, aliyefundisha fizikia. Ila alisema kwa sauti ndogo, kwa sababu funguo za chumba cha kompyuta alikuwa amekabidhiwa yeye, na mtu mwenye funguo hatukani mlango.

Sharti lilikuwa dogo. Kila mwanafunzi ajiandikishe kwa jina lake kamili, umri, kijiji anachotoka na namba ya simu ya nyumbani, kisha kila akikaa kwenye mashine afungue ukurasa wake mwenyewe. Sista alikubali kwa niaba ya wote, kama alivyowakubalia chanjo. Wanafunzi hawakuulizwa. Na wangeulizwa wangekubali mara mbili, maana walikuwa hawajawahi kuona kitu kinachokusalimia kwa jina lako kabla hujakiamkia.

Regina wa kidato cha tatu, mtoto wa Yuliana wa Kinole, alijiandikisha kama wenzake. Namba aliyoweka ni ya mjomba wake Gabrieli, kwa kuwa nyumbani simu ilikuwa hiyo moja, na kwa kuwa kwao mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Akakaa, mashine ikamwambia karibu Regina, naye akaipenda kuliko alivyompenda mtu yeyote pale shuleni. Alikuwa na sababu. Regina alikuwa na kifafa, na ile mashine ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake ambacho angeweza kukiuliza habari za kifafa kisikunje uso.

Pale Mlimbilo hakuna aliyejua. Vidonge alivyomeza kila jioni aliwaambia wenzake wa bwenini ni vya kifua, na ukungu wa mlimani ulimsaidia kusema uongo huo, kwa sababu kila mtu alikuwa akikohoa. Tangu aingie hosteli hakuwa ameanguka. Alihesabu hiyo kuwa ni rehema, ila rehema ya kuazima.

Kwao Kinole aliwahi kuwapo mtu akiitwa Ahmadi, mlima mananasi, ambaye siku moja aliangukia jikoni kwenye moto. Watu walijaa mlangoni. Walimwona anavyoungua, kila mmoja akimsukuma mwenzake aingie, kila mmoja akiogopa kuguswa na lile povu. Hawakuwa watu wabaya. Ndio haohao waliomchimbia kaburi zuri, wakalipanda maua.

Regina alikuwa mdogo, lakini alikuwepo mlangoni pale. Ndiyo maana mama yake alipomfungia virago vya kwenda Mlimbilo, wosia ulikuwa mfupi. "Usiseme kwa mtu. Hata kwa padri, ungama dhambi zako basi. Hii si dhambi, haimhusu." Na mjomba Gabrieli aliongeza la kwake, akitazama pembeni kama mtu anayepima kiwanja. "Siku likijulikana, utarudi. Sitaki lukolo yetu iimbwe kwenye vilabu." Lukolo ndio ukoo, na kwao ukoo huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo aibu ya mtoto wa dada hulala kitanda kimoja na mjomba.

Basi Regina alitaka kitu kimoja tu: amalize kidato cha nne kabla hawajajua.

Kwenye kompyuta aliuliza yale ambayo hakuwahi kumuuliza mtu. Je, mtu mwenye kifafa anaweza kuwa nesi? Je, mtoto wake atakuwa nacho? Je, ukikosa vidonge kwa sababu zahanati imeishiwa, unafanya nini? Majibu mengine yalimwogopesha, mengine hakuyaelewa. Lakini palikuwa na sentensi moja aliyorudi kuisoma kama watu wanavyorudi kisimani: povu la mgonjwa haliambukizi. Aliisoma mpaka akatamani kuipandisha mlimani na kuipigia kengele.

Ubavuni mwa skrini kulikuwa na matangazo. Mwanzoni yalikuwa ya sabuni na simu kwa kila mtu. Baadaye yakaanza kutofautiana. Abuu, aliyeishi kwa ajili ya mpira, aliletewa jezi. Joyce, jirani yake Regina kwa kitanda, aliletewa nywele za bandia na krimu za kuongeza makalio, akawa anazifunika kwa kiganja Sista akipita. Regina aliletewa tabibu wa Morogoro mjini, mzee mwenye kofia ya manyoya, ameshika kibuyu, na maneno chini yake: Je, unaanguka? Kifafa kinatibika.

Wanafunzi waliyachukulia kama mabango ya stendi, yamebandikwa tu, apitaye na aone. Regina peke yake ndiye aliyehisi kwamba yule mzee alikuwa akimtazama yeye. Akajiambia ni woga wake. Mwenye siri huona hata mbuzi wanamsengenya.

Jumamosi moja alikuwa amemaliza kusoma yake, ameyafunga, amefungua habari za majani ya mimea, mara akaitwa na Sista jikoni kwenda kupokea mboga. Akainuka bila kufunga ukurasa wake. Kiti hakikupoa. Kondo alikuwa ameshakikalia.

Kondo alikuwa mtani wake. Nao haukuwa utani wa kuzoeana darasani. Ulikuwa utani wa ukoo kwa ukoo, uliokuwepo kabla babu zao hawajaota meno. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mama yako, na mama akamletea kigoda. Anaweza kukamata kuku wako uani, nawe hushtaki kwa mwenyekiti, unamkomboa kuku wako kwa chochote huku mkitukanana. Ukifa, ni yeye atakayefanya kazi ambazo ndugu hawawezi, tena akikucheka kwamba hata kufa umekufa vibaya. Kwa mtani kununa ni mwiko.

"Nimekamata mali ya watani," Kondo alitangaza chumba kizima. "Kiti, mashine, na vilivyomo. Atakomboa kwa maandazi."

"Toka hapo, Kondo," Joyce alisema.

"Wewe si mtani wangu, usinipangie. Hebu tuone huyu mwenye shingo ya kuku wa kisasa husoma nini." Akainama kwenye skrini. "Majani. Mtoto wa Kinole katoka kwenye majani, kaja shule kusoma majani. Na huyu babu wa kibuyu? Je, unaanguka? Tuandikie. Haya, babu kauliza, kutomjibu mkubwa ni utovu wa adabu."

Akaanza kuandika, akitamka kila neno kwa sauti ya mtu anayesoma injili.

"Shikamoo babu. Mimi ni Regina wa Kinole. Naanguka kila nikiuona ugali wa hosteli. Nikiletewa wali nainuka mwenyewe. Je, ni kifafa au ni njaa?"

Chumba kilipasuka. Abuu alishika tumbo. Hata Mwalimu Mikidadi aligeukia dirishani, mabega yakamtikisika.

Regina alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kikapu cha mchicha. Alitaka kurudi mbio jikoni alikotoka. Lakini mtani hanuni, na atakayenuna siku hiyo ndiye atakayetazamwa.

"Mnamcheka nini," akasema, na sauti ikamtoka nzima. "Kichwa chote hicho kama fenesi, kumbe ndani ni gundi. Hata kuandika anaandika kama anavyolima, mistari imepinda yote."

"Ukombozi kwanza, matusi baadaye."

"Nitakukomboa kwa kifo chako."

"Imeshakwenda," Kondo alisema, akabofya.

Wakacheka tena, wakatoka kwenda kula. Na hapa ndipo pa ajabu. Hofu ya Regina haikudumu hadi bwaloni. Lile neno ambalo mama yake alimkataza kulitamka hata kwa padri lilikuwa limesemwa mbele ya darasa zima pamoja na jina lake, na hakuna aliyeliamini, kwa kuwa lilikuwa limesemwa na mtani. Akisema mtani, watu hucheka na neno hufia palepale. Ilikuwa kama Kondo amemtupia blanketi bila kujua kwamba yuko uchi. Regina alikula ugali wake wote.

Lakini mashine haikuwa na ukoo. Haikuwa na mtani, na katika wote walioitengeneza hakuna aliyeifundisha kucheka. Ililichukua lile la Regina wa Kinole naanguka, ikaliweka juu ya yale yote aliyokuwa akiyasoma kimyakimya tangu muhula uanze, ikaona yanafanana. Wiki iliyofuata yule mzee wa kibuyu alimwita kwa jina.

Regina, bado unaanguka?

Alifunga ukurasa, akaufungua. Mzee alikuwepo. Akaacha kusoma habari za kifafa kabisa, akasoma majani, akasoma volkano, akasoma mambo ya nyuki ambayo hakuyahitaji. Mzee akawa anakuja tu, kama mgeni aliyejua saa ya chakula.

"Mwalimu," alimuuliza Mwalimu Mikidadi, "haya matangazo hayaondoleki?"

"Ukiyaondoa haya, umeiondoa na intaneti. Hawa jamaa wanaishi kwa hayo. Kwani yanakuuma nini?"

"Hayaniumi, mwalimu."

"Basi usiyaangalie."

Alikuwa mwalimu mzuri. Kwenye fizikia.

Ilipotangazwa siku ya wageni, Sista Magreth alimwita ofisini. Watakuja wakubwa wa Dirisha Huru kutoka Dar, na wazazi wataalikwa. Kompyuta itaunganishwa na projekta, mwanafunzi mmoja atawaonyesha wazazi watoto wao wanajifunza nini.

"Nimekuchagua wewe."

"Sista, labda Joyce. Joyce anaongea vizuri."

"Joyce atatuonyesha nywele." Sista alitabasamu, kitu ambacho hakukifanya ovyo. "Kampuni huniletea taarifa ya kila mwezi. Wamesema shule nzima wewe ndiye unayesoma sana mambo ya afya. Nilifurahi. Nimesema, huyu atakuwa nesi wetu."

Regina alitazama sakafu. Kwa hiyo kulikuwa na mtu huko Dar aliyejua anasoma nini, na mtu huyo alikuwa amemwandikia Sista kuhusu hilo, kwa heshima, pamoja na pongezi.

"Una tatizo, mwanangu?"

"Hapana, Sista."

Jioni ile akamtafuta Kondo, akamkuta anachota maji.

"Siku ya wageni nikamatie kiti," alimwambia.

"Kwa ukombozi gani?"

"Wowote utakaotaka."

Kondo akaweka ndoo chini. "Umeanza lini kunijibu kwa upole? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sista ataninyonga. Mbele ya wageni siwezi, we Regina. Ningekuwa na shingo kama yako ningethubutu, hata akininyonga haoni pa kushika." Akangoja tusi. Halikuja. Akamtazama anavyoondoka.

Siku ya wageni mvua ya manyunyu iliamka na watu. Wazazi waliingia bwaloni na matope hadi magotini, wakasukumana kwenye mabenchi. Yuliana alikuwa ametoka Kinole alfajiri na mkungu wa ndizi wa kumpa Sista, akakaa nao miguuni kama mtoto. Ukutani walikuwa wametundika shuka jeupe. Bwana Evance wa Dirisha Huru, kijana mwenye tai ya zambarau na kiatu ambacho Mlimbilo haitakisahau, alizungumza juu ya dunia kuwa kiganjani. Wazazi walitazama viganja vyao. Kisha wakapiga makofi.

Regina alikaa, akaandika jina lake, mashine ikamkaribisha. Alikuwa amejipangia: ataandika milima ya Uluguru, picha zitokee, ainuke upesi. Picha zikatokea. Milima yao wenyewe, mikubwa juu ya shuka, ya kijani kuliko ilivyo. Bwalo likaguna kwa raha. Mama mmoja alisema lile bonde analijua, ana mihogo yake pale.

Halafu ubavuni, polepole, kwa herufi zinazochezacheza, akaja yule mzee. Projekta ilimkuza akawa mrefu kuliko mlango.

Regina wa Kinole, bado unaanguka? Kifafa kinatibika. Tunakusubiri.

Wazazi waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, neno kwa neno, kwa upendo. Regina aliyasikia maneno yakisafiri kutoka benchi hadi benchi. Aliona yanavyofika kwa mama yake. Yuliana hakuinua uso. Alishika mkungu wa ndizi.

"Jamani, jamani."

Alikuwa Kondo, anapita katikati ya mabenchi.

"Msimwonee bure huyo. Hayo ni ya kwangu. Mimi ni mtani wake, nilikamata mashine yake nikamwandikia huyo babu kwa kumtania. Kumbe babu mwenyewe ni mjinga, kaamini." Watu wakaanza kugeuka. "Kama ni kuanguka, naanguka mimi. Nikiitwa kufagia, basi, hivi."

Akajitupa chini. Akakakamaza miguu, akazungusha macho, akatoa ulimi, akajigonga sakafuni huku akiguna, "Ufagio, niondoleeni ufagio."

Bwalo likacheka. Kwanza wanafunzi, kisha wazazi, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa wakaambiwa hakuna kitu. Watani bwana, mzee mmoja alisema, hawana dawa. Yuliana alifunika mdomo kwa kanga na mabega yakamtetemeka. Kucheka au kulia, mtu wa mbali asingejua.

Regina hakuwahi kujiona. Anayeanguka hajioni, huamka tu na kukuta watu wamesimama mbali. Sasa alikuwa akitazama: kumbe miguu hufanya hivi, kumbe macho huwa hivi. Naye akacheka, kwa sauti kuliko wote, maana blanketi lilikuwa linatupwa tena na safari hii aliyelitupa alijua anamfunika.

Lingemfunika. Wazazi walikuwa tayari kulisahau lile neno. Mtani alikuwa amelibeba. Bwana Evance ndiye aliyeinua mkono.

"Niwatoe wasiwasi, wazazi wangu." Alikuwa akitabasamu. Mashine yake ilikuwa imeitwa mjinga, hakutaka kuacha hivyo. "Mfumo wetu haubahatishi. Huyu kijana anasema kaandika mara moja kwa mzaha, sawa, vijana ni vijana. Lakini mfumo hauangalii mara moja. Unaangalia mwanafunzi anasoma nini, anakaa hapo muda gani, anarudia nini." Akainama kwenye kompyuta yake ndogo, akatafuta, akapata. "Binti huyu amekuwa akisoma habari za ugonjwa huu tangu muhula uanze. Karibu kila alipokaa. Ndiyo maana tabibu anayefaa amemfikia mtu anayefaa. Mjini, wazazi, watu wanatamani huduma kama hii."

Alisubiri makofi.

Kicheko kilikuwa kimekatika kama kimemwagiwa maji. Kondo bado alikuwa chini sakafuni, mguu mmoja juu. Akaushusha. Yule mama mwenye mihogo bondeni alimvuta binti yake kwa mkono, akamhamishia upande wake wa pili.

Hakuna aliyemfukuza Regina. Hilo lisemwe, kwa sababu Mlimbilo walilisema sana baadaye. Bwenini walifika tu wakakuta vitanda vimesogea, na cha Regina kimebaki peke yake chini ya dirisha, kana kwamba vingine vimepiga hatua nyuma vyenyewe. Joyce alikuja na macho mekundu.

"Si mimi. Mama kasema."

"Najua."

"Na kile kijiko changu ulichokuwa unatumia, kaa nacho tu."

"Joyce, povu haliambukizi. Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye kompyuta."

Joyce akafikiri. Alitaka kuamini, ilionekana. "Si ndiyo hiyohiyo inayoniambia mimi nipake krimu nipate makalio? Nimepaka muhula mzima." Akajifuta pua, akaondoka.

Kumbe ndivyo walivyochagua lipi waiamini ile mashine. Iliposema Regina ni mgonjwa, ilikuwa haibahatishi. Iliposema ugonjwa wake hauambukizi, ilikuwa mashine ya matangazo.

Sista Magreth alimwita ofisini, safari hii akafunga mlango.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambia, Sista, ungenipokea?"

Mvua ilikuwa ikinyesha kwenye bati. Sista alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimpa kazi.

"Ningekuombea," akasema.

Kisha akamweleza. Wazazi wa wasichana wamekuja, wameongea. Kampuni nayo imepiga simu, imesikitika, imesema itaangalia lile tangazo lisitokee kwa ukubwa ule. Kuziondoa mashine haiwezekani, shule nzima inazitegemea. Basi Regina aende nyumbani apumzike kidogo, mpaka watu wapoe, halafu itatazamwa.

"Nitafanya mtihani, Sista?"

"Itatazamwa," Sista alirudia.

Mjomba Gabrieli alimfuata mwenyewe. Hakumgombeza. Alibeba sanduku kichwani njia nzima ya kuteremka na kupanda, akitangulia mbele, na kila walipokutana na mtu alisalimia yeye kwanza, upesi, ili mtu asipate nafasi ya kuuliza.

Kinole kulikuwa kumeshajua. Habari ilikuwa imeteremka na wazazi waliotoka bwaloni, na pale iliposhindwa kufika kwa miguu ilifika kwa simu. Kila mwanzo wa wiki simu ya mjomba ililia, ujumbe: Mzazi wa Regina, usikate tamaa, wiki hii kuna punguzo la dawa ya kifafa. Alipoletewa wa kwanza mjomba aliupeleka dukani asomewe, akidhani ni ujumbe wa shule. Muuza duka akamsomea, na watu wakiwa dukani. Tangu hapo simu ikilia hivyo humpa Yuliana, Yuliana asiyejua kusoma humpa Regina, na Regina hujisomea mwenyewe kisha hufuta.

Regina akawa anambandulia mama yake maganda ya mdalasini na kuyaanika pindi jua likipatikana. Halikupatikana sana. Mawingu yalikaa juu ya Kinole muda wote wa likizo, na likizo ilipokwisha yakakaa.

Kondo alikuja siku ya gulio. Regina alimwona tangu kwenye mgomba wa mwisho, anapanda njia na nanasi mkononi, kavaa shati la kanisani wakati hata kanisani haendi, ni Mwislamu. Na katika mwili wake kitu kikainuka ambacho kilikuwa kimelala tangu bwaloni. Kwa wiki zote hizo watu walikuwa wamemsemesha kwa sauti ya chini kama wako kwa mgonjwa au kwenye msiba. Sasa amekuja mtu wa kumtukana.

"We Kondo," akampigia kelele kabla hajafika uani, "kichwa hicho hujakipeleka sokoni tu? Au mafenesi yameshuka bei?"

Kondo alisimama. Aliviringisha lile nanasi mkononi.

"Hujambo, dada Regina," akasema.

Regina alingoja. Labda ni namna ya kuanza, watani wengine huanza kwa mbali. "Nani dada yako? Umekuja kuiba ndizi, sema. Kamata unachotaka, kuku wale pale."

"Nimekuja kukujulia hali." Alipomtazama aliangalia haraka kisha akashusha macho, vilevile kama Joyce, vilevile kama mama wa mihogo. "Pole sana. Mimi sikujua. Ningejua nisingekutania."

"Sasa nani atanitania?"

Kondo alidhani ameulizwa swali la uchungu, akainamisha kichwa kama mtu anayepokea lawama. Hakuona kwamba ameombwa kitu.

Yuliana akatoka ndani. Kondo alisema shikamoo, akapiga goti kidogo, akamkabidhi nanasi kwa mikono miwili. Yuliana, aliyekuwa na matusi yake tayari ya kumpokea mtoto wa watani, aliyameza. Akaleta kigoda. Akaleta ndizi za kupika kwenye sahani moja, kubwa, ya watu wawili kama kawaida.

Zamani mkono wa Kondo ungekuwa kwenye sahani kabla haijatua. Aliomba maji ya kunawa. Akanawa vizuri, akasubiri, akasema, "Dada aanze." Regina akala kipande. Yeye naye akala, upande wake, taratibu, bila kuvuka katikati, akasifu mapishi. Akauliza mdalasini unaendeleaje. Akasema shuleni wote wanamsalimia, Sista anamwombea.

Regina akamjibu. Mdalasini unaendelea. Nao awasalimie. Waliongea kama watu waliokutana kwenye ofisi ya kata.

Mvua ilipoanza kunong'ona kwenye migomba, Kondo aliinuka, akamshukuru Yuliana, akaaga. Regina akamsindikiza hadi mwisho wa ua, kama anavyosindikizwa mgeni.

"Ugua pole, dada," akasema Kondo.

"Asante, kaka," akasema Regina. "Uteremke salama, njia inateleza."